Kimya cha Korali ya Sita

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeamka kabla ya mwadhini. Betri ya sola imechoka, taa yake ya kijani inapepesa. Nimewasha mashine. Meseji mbili tu usiku kucha. Mtu wetu wa kivuko cha Nyangwe: mtumbwi mkubwa umetoboka, pikipiki zingoje. Mkulima wa upande wa Lusangi: mti umelala njiani, unapitika kwa miguu. Programu imezisoma, imewatumia madereva wa njia hizo, nao wakajibu kama ilivyo desturi yao. Tumesikia. Tumesikia. Nikanywa chai.

Hii ndiyo kazi yangu. Chuoni nafundisha tu. Watu wanaokaa karibu na madaraja wanaandika maneno machache kwenye simu zao, mashine ya chumbani mwangu inasoma, inatambua ni habari ya njia gani, inawaonya madereva wa njia hiyo. Habari mbaya peke yake. Salio la simu halitoshi kupiga domo, kwa hiyo tangu mwanzo nilikata shauri: njia ikiwa nzuri, hatusemi kitu. Madereva wameigeuza kuwa sheria. Asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, dereva anatazama simu. Kuna kimya? Anakwenda.

Programu nimeiandika kwa Korali ya Tano, lugha ya kompyuta niliyojifunza ujanani Lubumbashi. Wakati ule ule tuliambiwa Korali ya Sita iko njiani. Nimeota mvi nikiingoja. Nimegombana na nusu ya walimu wa jimbo la Maniema kwa ajili yake. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wapya: ngojeni Sita. Na jana Bienvenu, msaidizi wangu chuoni, amerudi kutoka Bukavu nayo kwenye flashi. Amenipa mkononi kama mtu anayetoa samaki aliyeanza kuharibika. Sijaelewa uso ule.

Salima amepiga simu kutoka Salamabila. Mwanangu wa pekee. Mimba imeingia mwezi wa mwisho. Ile ya kwanza ilipotea kwa sababu kule hapakuwa na daktari wa kumpasua. Hii itazaliwa hapa Kasongo, hospitalini, au sitakuwa baba. Shabani, kiongozi wa madereva wa pikipiki, amesema atakwenda kumchukua yeye mwenyewe. Simwamini mtu mwingine kwenye njia ile.

Jumanne, 5 Novemba

Mkurugenzi wa chuo ameniita. Mtu ambaye hajasoma kitabu kizima tangu apate kiti. Ati wageni watakuja kukagua mashine, ati Tano imekufa, dunia yote inajua, ni aibu chuo kizima kukaa na maiti. Nimekasirika kwa sababu mjinga amesema jambo ninalolisema mimi miaka yote. Ukweli ukitoka kwenye mdomo kama ule unanuka.

Kwenye kundi la walimu nimeandika makala. Ndefu, kali. Kuna watu wanaonong'ona kwamba Sita si mrithi wa Tano, kwamba ni lugha nyingine iliyovaa jina la mwenzake. Nimewachapa. Nimewauliza: kwetu, Mbangubangu au Mzimba, Mwislamu au Mkristo, mtoto akipewa jina la babu yake tunamwitaje? Tunamwita Babu. Bibi anamwita mume wangu. Akilia, wajomba wanasema mzee amekasirika. Jina halitembei peke yake, linakuja na mwenye jina. Basi Sita ni Tano, imezaliwa upya na meno mapya. Na walioiunda waliahidi zamani, nilisoma kwa macho yangu: Sita itasoma kila kilichoandikwa kwa Tano, bila kugeuza neno.

Mwalimu mmoja wa Kabambare amejibu: "Prof, ata mbuzi unaweza kumuita Simba. Siku chui anakuya, njo utajua."

Watu wamecheka sana. Nimemwandikia kurasa. Amenyamaza. Nimelala na furaha ya mtu aliyeshinda.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimegombana na Bienvenu. Ana miaka thelathini na kitu, mpole, hasemi mpaka umsukume. Leo nimemsukuma. Amesema kule Bukavu amekaa siku mbili na watu wenye mtandao wa nguvu, amesoma jinsi walioiunda Sita wanavyoandikiana. Hawaelewani. Mmoja anasema Tano itakufa, mwingine anasema itaishi, wa tatu anasema Sita ibadilishwe jina.

"Prof, wao wenyewe wanagombana. Sisi tunakimbilia nini?"

Nimemwambia anasoma maoni ya waoga. Kwamba kila kitu kikubwa duniani kimezaliwa katikati ya kelele. Kwamba kama angekuwapo wakati wa uhuru angesema tungoje kwanza. Maneno mengi. Ninayo mengi siku zote. Ameangalia chini.

Halafu jambo la mashine. Ni kuukuu, nafasi yake ndogo, Tano na Sita hazikai pamoja. Bienvenu ameomba tutafute mashine nyingine ya kujaribia. Iko wapi? Chuoni zote zimeoza kwa vumbi na mchwa. Nimetafuta miwani yangu, kisha nimefuta Tano kwa mkono wangu. Bienvenu ametoka nje kabla sijamaliza. Nikamwona uani, amesimama, mikono mfukoni.

Ijumaa, 8 Novemba

Imewaka!

Tumeandika upya nusu ya programu, ile ya kutuma, kwa Sita yenyewe. Lugha nzuri. Jamani, lugha nzuri. Nilikuwa kama mtu anayerudi kwenye nyumba ya utoto na kukuta wameweka madirisha. Nusu ya pili, ile ya kusoma meseji za watu wa madarajani, ni ndefu na ya zamani, nimeiacha ilivyo. Ahadi ni ahadi. Nimeiwasha ndani ya Sita. Haikulalamika hata mara moja. Imeanza kazi kama maji.

Nikawatumia madereva wote salamu: Korali ya Sita imefika Kasongo. Majibu yakamiminika. Tumesikia. Tumesikia. Mmoja: "Papa Prof, iyo ni mutu ao ni bia?"

Nimecheka peke yangu chumbani. Bienvenu naye akatabasamu kidogo. Nikamsamehe.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua kubwa tangu jana. Kumbikumbi wametoka ardhini, majirani wote wako nje na mabeseni. Zaina, mke wangu, amekaanga sahani nzima. Nimekula mpaka midomo imeng'aa mafuta.

Asubuhi hakuna meseji hata moja. Jana pia. Juzi pia. Shabani amekuja akiwa amelowa, amevua viatu mlangoni, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Papa Prof, iyi Sita yako iko na baraka. Siku tatu, njia zote muzuri!"

Nimekubali sifa. Kwa nini nisikubali? Kesho anapanda Salamabila, Jumatano alfajiri anateremka na Salima. Watazunguka kwa Lusangi, njia fupi ina vizuizi vya watu wenye bunduki. Zaina amempa blanketi la kumfunika Salima na kanga za kufungia. Amemwonya kuhusu mashimo mpaka mtu mwenyewe akaanza kucheka.

"Mama, usiogope. Na kama anazalia mu njia, sheria yetu unaijua. Jina ni ya dereva."

"Utaita mutoto wa watu Shabani, na sura yako ile?" Zaina akamjibu.

"Jina tu, Mama. Sura atachukua kwa babu, maskini."

Ni kweli, ni desturi yao. Mtoto anayezaliwa safarini anachukua jina la aliyempakia mama yake. Kuna akina Shabani watatu kati ya hapa na Kabambare, na anawaita wote "wajina wangu", anawapelekea sabuni na sukari.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Mvua. Barabara ya soko imekuwa mto. Mashine kimya.

Zaina ameweka sombe, majani ya muhogo, mezani, akasimama badala ya kukaa. "Papa Salima. Mvua yote iyi, na hakuna daraja ata moja imevunjika?"

Nimemjibu vibaya. Nimemwambia Mungu anaweza kulinda magogo akitaka, na kwamba yeye hajui programu ni nini. Amekaa, amekula, ameondoa sahani.

Alasiri mtandao ulikuja nikafungua kurasa za walioiunda Sita. Ukurasa mmoja: Sita ni toleo jipya la Korali. Ukurasa mwingine, watu wale wale: Sita ni dada wa Tano. Dada! Dada hamrithi dada yake huku yuko hai. Wa tatu umefunguka nusu, mtandao ukakatika. Nimepiga meza. Watu gani hawa, miaka yote hii hawajui walichozaa? Na mimi nimewatetea kwa jasho.

Nimempigia Shabani. Yuko Salamabila, kelele ya baa nyuma yake. Ameniambia Salima ni mzima, wataondoka alfajiri kabla ya jua. Nilitaka kumwambia angoje. Angoje nini? Simu yangu imenyamaza, na kwa sheria yangu mwenyewe njia ni nzuri. Nikamwambia aendeshe polepole.

Jumatano, 13 Novemba

Saa nne asubuhi sikuvumilia. Nimechukua simu ya Zaina, nikaandika kama anavyoandika mtu wa darajani: Lusangi daraja limevunjika. Nikatuma. Nikakaa mbele ya mashine.

Hakuna kitu.

Nimefungua sanduku la meseji zenyewe, kule ambako programu huzichukua. Zimejaa. Tangu Ijumaa. Nyangwe, Lusangi, kila mahali. Mzee Kimbulu, anayelinda daraja la magogo upande huu wa Lusangi, Jumapili: Gogo moja limekwenda na maji. Jana: Yamebaki mawili. Leo kabla ya mapambazuko: Daraja hakuna. Simamisheni watu.

Sita ilizisoma zote. Zile alama nilizoziandika miaka ile kuiambia nini cha kutafuta, kwa Sita zina maana nyingine. Ilitafuta kitu kisichokuwapo, haikukipata, ikaendelea kwa utulivu. Haikuwa na kosa la kuonyesha. Kila asubuhi ilisoma vilio vya watu na kuona karatasi nyeupe.

Nimetuma onyo kwa mkono kwa kila namba. Tumesikia. Tumesikia. Shabani hajajibu. Kati ya Salamabila na Lusangi hakuna mtandao. Nimempigia mara ngapi sijui. Sauti ya mwanamke wa kampuni, kwa upole, tena na tena.

Waliondoka alfajiri. Kwa mwendo wa Shabani wameshafika mtoni.

Bienvenu amechukua pikipiki ya jirani, ameelekea huko. Mimi nimebaki kwa sababu mashine inahitaji mtu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kweli ni kwamba naogopa kuuona mto ule.

Alhamisi, 14 Novemba

Salima yu hai. Mtoto yu hai. Wa kiume.

Shabani hajaonekana.

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 15 Novemba

Wakulima wamemkuta asubuhi, mbali chini ya mto, amekwama kwenye mizizi. Wamemleta Kasongo alasiri na tumemzika kabla ya magharibi. Madereva wote walizima injini mwanzo wa mtaa na kusukuma pikipiki kwa mikono mpaka makaburini. Hakuna aliyewaagiza.

Bienvenu ameniambia yaliyotokea, kwa sauti ile ile ya chini. Shabani na Salima walifika mtoni mapema, kulikuwa bado na ukungu. Mzee Kimbulu alikuwa amekwenda kijijini kutafuta watu wa kukata miti, maana alishatuma meseji, aliona kazi ya kuonya amekwishaifanya. Maji yalikuwa yamefunika mahali pa daraja, kutoka mbali unaona kama dimbwi tu. Shabani alisimama. Salima anasema alitoa simu, akaitazama, akasema: "Papa ako ananyamaza. Twende." Akairudisha simu, akaingia majini.

Salima alishika matawi. Shabani alishika pikipiki.

Wanawake waliokuwa wakienda shambani ndio waliomtoa binti yangu. Walimbeba kwenye tipoyi, machela ya miti, mpaka zahanati ya Lusangi, akazaa pale, bila daktari wa kupasua, bila chochote nilichokipanga.

Simu ya Shabani ilikuwa kifuani mwake, imefungwa kwenye plastiki tabaka juu ya tabaka kama wanavyofanya wakati wa mvua. Betri yake bado ilikuwa na moto. Walipofika naye kwenye mtandao, meseji ikalia. Ilikuwa onyo langu. Mjane wake, Mama Kibibi, ndiye aliyenionyesha. Alinionyesha tu, kisha akaifunga tena kwenye plastiki ile ile.

Jumapili, 17 Novemba

Najichukia. Niandike hivyo, bila mapambo.

Mzee Kimbulu ametembea kutoka Lusangi kuja kwenye matanga. Alikaa karibu nami kwenye mkeka. Akanifungulia simu yake, akanionyesha meseji zote alizotuma, moja moja, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu. "Nilituma, Papa. Angalia. Nilituma." Mimi ndiye niliyetakiwa kujitetea, na ni yeye aliyekuwa anaapa. Nimemwambia mbele ya watu wote: ulituma, zilifika, mashine yangu ilizitupa. Nilingoja mtu anitukane. Ningeshukuru. Dereva mmoja kijana akaniletea chai.

Hawajui pa kuweka hasira. Kompyuta hawaijui, na mimi wananiheshimu. Heshima hii ni adhabu.

Nimefikiri juu ya walioiunda Sita. Wako mahali fulani wanakunywa kahawa, wanabishana kama ni dada au mtoto. Kwao ni mjadala. Naujua utamu wa mjadala, nimeula maisha yangu yote. Nilisoma ahadi ya watu nisiowajua, nikaiamini kuliko mvua iliyokuwa ikipiga bati juu ya kichwa changu. Mke wangu aliuliza swali moja, nikamwambia hajui programu ni nini.

Jumatano, 20 Novemba

Mtandao umerudi. Tangazo liko wazi sasa, limeandikwa kwa adabu nyingi. Wamekubaliana. Sita haikuwa mrithi, ni lugha nyingine. Itapewa jina lake yenyewe ili watu wasichanganyikiwe. Tano haijafa, haikuwahi kufa, itaendelea na matoleo yake. Wanawashukuru wote kwa subira.

Subira!

Nimesoma mara moja tu. Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Nimekaa mpaka jogoo wa jirani akaanza kunitazama kutoka dirishani kana kwamba mimi ni samani.

Mwalimu wa Kabambare, yule wa mbuzi na simba, angeweza kunicheka sasa mbele ya kundi zima. Ameandika meseji ya pembeni: "Pole sana, Prof. Shabani alinibeba mara nyingi." Hilo tu. Kicheko kingekuwa rahisi zaidi.

Mkurugenzi ameuliza kama mashine ziko tayari kwa wageni. Nimemtazama mpaka akaondoka.

Mashine nimeizima, sasa njia zote hazina macho. Madereva wanasafiri kwa kuulizana, kama zamani kabla yangu. Wengine bado wanatazama simu asubuhi. Nimewaona sokoni. Wanatazama, hakuna kitu, wanasita, wanawasha. Ile sheria imeingia kwenye damu. Nimepita kwa kila mmoja nikimwambia: kimya si kitu, kimya kimekufa, usikiamini. Wanaitikia kwa kichwa. Kesho watatazama tena.

Nataka kuivunja mashine. Nimeshika nyundo, kweli. Zaina alikuwa mlangoni. "Vunja," amesema. "Kisha mutu wa Nyangwe atamwandikia nani?" Akaenda zake kutwanga.

Jumamosi, 23 Novemba

Salima ameletwa nyumbani jana. Amekonda, mkono umevunjika, anatembea kama mwanamke mzee. Hajanilaumu. Nimemwomba anilaumu. Amesema, "Papa, nimechoka," na kufumba macho.

Leo mtoto amepewa jina. Mume wa Salima ametoka Salamabila, amekubali bila kubishana. Shabani. Sheria ya njia ni sheria. Uwanja ulijaa madereva. Mama Kibibi, bado kwenye eda yake, hawezi kutoka kwake, kwa hiyo sisi tumempelekea mtoto. Amempokea, amemtazama sana, akasema kwa ile desturi yetu, "Bwana yangu amerudi. Sasa utalala wapi, na hiki kitanda hukijui?" Wanawake wamecheka na kulia. Wakanigeukia nami niseme neno. Kila mtu anajua ninayo mengi.

Sikuwa nalo. Nimemshika mtoto. Mwepesi, kichwa chake kinanukia mafuta ya mawese. Watu wananingojea nimwite Shabani, nimwulize habari za barabara, nimtanie kuhusu sura. Niliandika kurasa kueleza kwamba jina linakuja na mwenye jina. Nimemtazama huyu, hajui njia yoyote. Hajui kuvua viatu mlangoni kwangu. Ni mtoto mwingine, ametoka kwingine, na hana deni la kumwakilisha mtu. Mwenye jina yuko makaburini upande wa mashariki, mvua imeanza kushusha udongo wake.

Nimesema karibu. Basi. Wamengoja kidogo, kisha wakaendelea na sherehe.

Tulipokuwa tunarudi Bienvenu ametembea kando yangu. Mlangoni ametoa flashi mfukoni, akaniwekea mkononi.

"Tano," amesema. "Niliinakili ile Alhamisi, mbele ya kufuta. Ulipokuwa unatafuta miwani. Niliogopa kukupa wakati wa matanga."

Kumbe mikono yake ilikuwa na kazi mfukoni. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakunipinga zaidi, kwa nini hakupiga kelele. Nikajua jibu. Nani angemsikia?

Jumapili, 24 Novemba

Kutwa nzima na Bienvenu. Nimefuta Sita. Lugha nzuri, haina hatia, lakini haiwezi kukaa kwenye kiti cha mwingine. Tano imerudi, nusu zote mbili. Tumejaribu kwa kila namba, kwa kila kijiji. Bienvenu alikuwa anatuma, mimi nasoma. Kisha mimi natuma, yeye anasoma. Mwanzoni nilikuwa naona aibu kurudia rudia. Baadaye aibu ikaondoka.

Halafu tumebadilisha jambo moja, na hilo ni langu. Salio litaisha haraka, lakini na liishe. Madereva wamekubali kuchanga.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimeamka kabla ya mwadhini. Mvua imekatika. Mtoto amelia kidogo chumba cha pili, Salima akamnyamazisha.

Meseji tatu. Mzee Kimbulu: magogo mapya yamelazwa, pikipiki zipite moja moja. Nyangwe: mtumbwi umezibwa. Ya tatu ni ya mtu wa njia ya Kabambare, ametuma salamu tu, anataka kujua kama tunamsikia.

Tano imezisoma. Nimeangalia kwa macho yangu, moja baada ya nyingine, kabla ya kuiachia.

Kuanzia leo mashine inasema kila alfajiri, njia mbaya na njia nzuri. Madereva wamefundishwa upya, mmoja mmoja, mkono kwa mkono: simu ikinyamaza, usitoke. Kaa nyumbani. Njoo uniamshe.

Imetuma. Njia ya Lusangi inapitika, endesha polepole.

Majibu yameanza kuingia. Tumesikia. Tumesikia. Namba ya Shabani sikuifuta. Nilikuwa na kidole juu yake jana, nikakiondoa.

Nimetengeneza chai. Kumepambazuka. Nje mtu anasukuma pikipiki, bado hajaiwasha.

Jibu la mwisho limekuja nikiwa nakunywa. Namba yake. Mama Kibibi ameifungua plastiki.

Tumesikia, Papa Prof.